Naomba ushauri: wazee wameridhika na kazi, vijana macho yako mlangoni

Wakuu, habari za majukumu. Nasimamia wahasibu kwenye ofisi moja ya umma hapa Dodoma. Mzee mmoja ana miaka 54. Mwakani anaruhusiwa kustaafu kwa hiari, lakini anasema atangoja 60 ya lazima. Anawahi kuliko wote na hana neno na mtu.

Vijana sasa! Mchana kutwa wanachungulia nafasi kwenye Ajira Portal. Siwalaumu sana: Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kulipia mkopo wa chuo, kodi ya nyumba inangoja, na mzee mwenzao kwake alishahamia zamani.

Mshahara siwezi kuupandisha. Niwape majukumu mazito zaidi, au niwapange na wazee? Naogopa manung'uniko. Mliosimamia rika tofauti mlifanyaje?