UPS inaonekana kwenye USB lakini kompyuta haizimiki stima ikipotea, nimekosea wapi?

DukaLaMbegu, Jumatatu saa 2:40 usiku

Mulembe wakuu. Nina duka la agroveti hapa Chwele, kaunti ya Bungoma. Mauzo na hesabu ya stoo viko kwenye kompyuta moja ya mezani yenye Debian 12 (Linux). Mvua za huku mnazijua: saa tisa alasiri wingu linashuka kutoka Mlima Elgon, ngurumo mbili tatu, stima imeenda. Mara ya mwisho ilienda nikiwa katikati ya kumkatia mteja risiti. Kuwasha tena, diski ikakaguliwa dakika nyingi, kisha jedwali la stoo likakataa kufunguka. Nilihesabu mifuko ya mbolea ya DAP na CAN kwa mkono, usiku, kwa tochi ya simu.

UPS ninayo (kile kisanduku cha betri cha kushikilia stima), ya 650VA, jina lake hata silitambui. Ina kebo ya USB. Nimeweka NUT, programu ya kusimamia UPS, nikafuata maelezo niliyoyapata mtandaoni, nikaandika draiva usbhid-ups kwenye ups.conf. Nikiiwasha inaniambia hakuna UPS ya HID iliyopatikana. Lakini lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, inaiona kabisa: 0665:5161, Cypress. Ninachotaka ni kimoja tu: stima ikipotea kompyuta ijifunge yenyewe kwa utaratibu kabla betri haijaisha, hata kama nimetoka kwenda benki.

Kasuku_Mweusi

Weka sola usahau hayo yote.

DukaLaMbegu

Sola nitaweka ukinitumia pesa.

FundiKebo, Kakamega

Kaka, draiva ndiyo siyo. Hiyo 0665:5161 ni namba ya chipu, haikuambii UPS imeundwa na nani. Chipu hiyo ya Cypress imo kwenye UPS nyingi sana za bei nafuu. Inajitambulisha kwa kompyuta kama kifaa cha HID, kundi moja na kibodi na kipanya, ndiyo maana watu wengi wanakimbilia usbhid-ups. Lakini ile draiva inatafuta UPS inayojua kutoa taarifa zake kwa mpango wa HID: asilimia ya betri, dakika zilizobaki na kadhalika. Yako haijui. Ndani ya kebo inaongea lugha ya zamani ya siriali: kompyuta inatuma Q1, UPS inajibu kwa mstari mmoja wenye volti inayoingia, inayotoka, mzigo, masafa, volti ya betri, joto, kisha tarakimu nane za 0 na 1 za kueleza hali. Basi. Draiva inayoijua lugha hiyo ni nutdrv_qx.

Futa ulichoandika, weka hivi:

[duka]
driver = nutdrv_qx
port = auto
vendorid = 0665
productid = 5161

Kisha sudo upsdrvctl start, utuletee inachosema.

DukaLaMbegu

Kwanza mimi si kaka, ni mama wa watoto wawili. Pili, sasa imeiona ila inalalamika haina ruhusa ya kuishika USB.

FundiKebo

Pole dada, nisamehe. Hilo ni dogo. Draiva haiendeshwi na root, yule msimamizi mwenye ruhusa zote, inaendeshwa na mtumiaji anayeitwa nut, na ruhusa yake inatolewa na sheria za udev (sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa) zilizokuja na NUT. UPS yako ilikuwa imechomekwa tangu kabla hujaweka programu, kwa hiyo sheria hazikuigusa. Chomoa kebo ya USB, hesabu hadi tano, rudisha, jaribu tena. Usikubali mtu akuambie uendeshe kila kitu kwa root.

DukaLaMbegu, Jumanne saa 1:15 asubuhi

Imekubali! upsc duka@localhost inanipa battery.voltage 13.50, input.voltage 231.4, ups.status OL, yaani stima ipo. Nimefurahi nikachomoa UPS ukutani kujaribu. Hali ikageuka OB, UPS ikalia pii pii, na ikaendelea kulia hadi kompyuta ikazimika pu, vilevile kama zamani. Sikuona hata neno moja la kuaga.

MgeniHapa

Nafuata uzi. Nina tatizo hilohilo kwenye saiba yangu Kisumu, Ubuntu 22.04.

Mwalimu_wa_Terminali, Kisumu

Dada, FundiKebo amekufikisha mlangoni. Draiva ni sikio tu; inasikia UPS, haimzimi mtu. Anayezima ni upsmon, mlinzi wa NUT, na nina hakika yako haijawaka. Tubandikie nut.conf.

DukaLaMbegu

Mstari ni mmoja: MODE = standalone

Mwalimu_wa_Terminali

Ndiyo hiyo. Toa nafasi pande zote mbili za alama ya sawasawa: MODE=standalone. Faili hilo linasomwa na shell, programu ya kusoma amri, na shell ikiona nafasi pale haikuelewi. Limewahi kunilaza macho mpaka alfajiri, na onyo lenyewe limeandikwa juu ya faili hilohilo! Nani husoma maandishi ya juu?

Sasa upande wa mlinzi. Kwenye upsd.users:

[mlinzi]
password = nenolako
upsmon primary

Na kwenye upsmon.conf:

MONITOR duka@localhost 1 mlinzi nenolako primary
SHUTDOWNCMD "/sbin/shutdown -h +0"
POWERDOWNFLAG /etc/killpower

MgeniHapa, wewe wa Ubuntu 22.04 una NUT 2.7.4, hilo neno primary haliwezi kulielewa. Andika master mahali pote pawili. Jina lilibadilika kuanzia 2.8.0.

Lakini dada, hata ukiyaweka hayo yote sitarajii yakutoshe, na hapa ndipo maelezo mengi ya mtandaoni yanapowaacha watu. upsmon kwa kawaida haizimi kompyuta stima inapopotea. Inangoja hali mbili zikutane: OB, yaani tuko kwenye betri, na LB, betri inakaribia kuisha. UPS ya maana hutoa LB mapema, ikiwa bado na dakika kadhaa. Hizi zetu huitoa zikiwa zinakata roho, na nyingine hazitoi kabisa. Niambie, ulipochomoa jana, iliishi dakika ngapi?

DukaLaMbegu

Dakika moja na nusu hivi. Na sikuona LB.

Mwalimu_wa_Terminali

Ni kidogo mno. Kuna nini kingine kimechomekwa kwenye hiyo UPS?

DukaLaMbegu

Kompyuta, monita, kaprinta ka risiti, na printa ya leza ya kuchapia invoisi za shule na vyama.

FundiKebo

Mama! Printa ya leza? Itoe leo. Ina chuma ndani kinachopashwa moto ili kuyeyusha wino wa unga, na kikianza kupata moto kinavuta mamia ya wati kwa mkupuo. UPS ya 650VA haikuundwa kwa mzigo huo. Ichomeke moja kwa moja ukutani. Ikizimika katikati ya karatasi, hasara yako ni karatasi.

Mwalimu_wa_Terminali

Ukishaitoa, acha UPS ichaji hadi kesho. Kisha washa kompyuta bila kufungua programu ya duka, chomoa UPS ukutani, na kwenye terminali andika watch -n 2 upsc duka@localhost. Tazama battery.voltage inavyoshuka, uniandikie namba.

DukaLaMbegu, Jumatano saa 12:50 jioni

Bila printa ya leza: 13.50 kabla ya kuchomoa. Mara tu nilipochomoa 11.90. Nusu dakika 11.40. Dakika moja 11.00. Nikarudisha kabla haijakata. Ila kuna kitu nimekiona cha ajabu: battery.charge ilikuwa 100, sekunde hiyohiyo ikasema 57.

Mwalimu_wa_Terminali

Si ajabu, ni ubashiri. UPS yako haijui asilimia. Q1 haina asilimia popote. Usipoiambia draiva betri ikijaa ni volti ngapi na ikiisha ni ngapi, inakisia yenyewe: kwa betri ya volti 12 inachukua 10.40 kuwa sifuri na 13.00 kuwa mia. Kwa hiyo 11.90 inakuwa kama 57. Kuna watu watakuambia uweke ignorelb, halafu override.battery.charge.low = 30 ili LB itokee kwenye asilimia 30. Kwa betri nzima si wazo baya. Kwa betri inayoanguka toka 13.50 hadi 11.90 kwa kuguswa tu, asilimia hiyo sitaiamini hata kidogo.

Tumia saa ya NUT, upssched. Stima ikipotea, hesabu sekunde 30, isiporudi, zima. Ikirudi kabla, futa hesabu. Kwenye upsmon.conf ongeza:

NOTIFYCMD /sbin/upssched
NOTIFYFLAG ONBATT SYSLOG+EXEC
NOTIFYFLAG ONLINE SYSLOG+EXEC

Kwenye upssched.conf, na mistari ya AT lazima iwe chini ya hiyo mitatu ya kwanza:

CMDSCRIPT /etc/nut/upssched-cmd
PIPEFN /run/nut/upssched.pipe
LOCKFN /run/nut/upssched.lock
AT ONBATT * START-TIMER zima 30
AT ONLINE * CANCEL-TIMER zima

Na faili lenyewe /etc/nut/upssched-cmd:

#!/bin/sh
case "$1" in
zima) /sbin/upsmon -c fsd ;;
esac

Lipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x, halafu anzisha upya nut-server na nut-monitor. Usisahau hiyo chmod. Bila hiyo saa itahesabu vizuri, ifike mwisho, kisha kimya.

Kasuku_Mweusi

Sekunde 30 ni kidogo, huku kwetu stima hurudi baada ya dakika mbili.

Mwalimu_wa_Terminali

Huku kwenu betri yako ni nzima. Yake ikifika dakika moja iko 11.00, na kuzima kwenyewe kunachukua muda: hifadhidata ifungwe, diski ziachiliwe. Heri awashe kompyuta mara mbili kwa siku kuliko kuhesabu mbolea usiku.

JuaKali_Kanduyi

Naingia kwa betri, hayo mengine siyajui. 13.50 ukiwa umechomeka ukutani haikuambii chochote, hiyo ni chaja inaongea. Betri unaijua ukiibebesha mzigo. Hiyo yako imekufa, imebaki kuzikwa. UPS ya 650VA kwa kawaida ina betri moja ya risasi ya 12V 7Ah. Hata ikiwa mpya ni 84Wh kwenye karatasi, na ukiikamua haraka hupati zote.

Lakini dada, si umesema una agroveti? Pampu za mgongoni za kunyunyizia dawa, zile za betri, unauza?

DukaLaMbegu

Nauza. Lita 16. Kwa nini?

JuaKali_Kanduyi

Fungua moja chini, utazame betri imeandikwa nini.

DukaLaMbegu

12V 8Ah!! Nimecheka peke yangu dukani mpaka wateja wameniangalia.

JuaKali_Kanduyi

Pima kwanza urefu, upana na kimo. Nyingi za 7 na 8 zina gamba moja, ila usikisie. Tazama na vile vichwa vya bati vya kuchomekea waya: kuna vyembamba vya milimita 4.8 na vipana vya 6.3. Vya waya wa UPS visipobana vizuri vitapata moto. Zima UPS, chomoa ukutani, chomoa na mizigo yote ndipo uifungue. Ondoa waya mweusi kwanza, na usiache bisibisi iguse vichwa vyote viwili. Nyekundu kwa nyekundu. Ukimaliza ichaji usiku kucha kabla ya kujaribu.

FundiKebo

Na kabla ya jaribio la mwisho ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Linux haijawaka), tafuta mahali pa kuamua kompyuta ifanye nini stima ikirudi, chagua iwake. Halafu ujue kuna mtego: kompyuta ikishazima, UPS bado inatoa umeme. Stima ikirudi wakati huo, kompyuta haijawahi kuona umeme ukikatika, kwa hiyo haitawaka. Ndiyo kazi ya ule mstari wa POWERDOWNFLAG. Mwisho kabisa wa kuzima, NUT inaiambia UPS ikate umeme baada ya sekunde 30 na irudishe baada ya dakika tatu kama stima ipo. Hizo ni namba za kawaida za nutdrv_qx. Kuna UPS zinazokata vizuri lakini hazirudishi, kwa hiyo jaribu ukiwa pale pale.

DukaLaMbegu, Jumamosi saa 11:20 jioni

Wakuu, leo sikuhitaji kuchomoa kitu. Saa tisa na robo mvua ya Elgon imefika kama kawaida yake, stima ikaenda. Nimesimama nikihesabu kwa sauti. Kwenye thelathini kompyuta ikaanza kujifunga, programu ikaondoka, kioo kikawa cheusi. Baada ya muda UPS nayo ikanyamaza. Stima ilirudi saa kumi. Kompyuta imewaka yenyewe, stoo imefunguka, mifuko iko sawasawa na ile iliyoko chini.

Betri mpya, nilipoijaribu jana, ilishuka hadi 12.50 tu, na dakika tano baadaye bado ilikuwa juu ya 12. Nimeongeza saa hadi sekunde 120, Kasuku afurahi.

MgeniHapa

Na mimi imekubali kwa master. Asanteni. Betri yangu nayo nitaipima.

JuaKali_Kanduyi

Safi dada. Na ile pampu uliyoitoa betri?

DukaLaMbegu

Iko rafuni. Kuna mzee amekuja kuniuliza bei yake sasa hivi.

JuaKali_Kanduyi

Usimwekee ile betri ya UPS.

DukaLaMbegu

Nimemwambia arudi Jumatatu.