Kasti za injini ya Datsun ya zamani: shanga za kioo, grenda na msasa, au rangi tu?

Kibao_Moshi
Wakuu habari za jioni. Nina injini imefunguliwa yote, ipo kwenye meza ya gereji. Kasti zake, yaani vile vipande vilivyomiminwa kwenye kalibu, zinatia aibu: mistari ya kalibu imetuna, uso una vipele kama ganda la fenesi, na oili ya miaka imegandia humo. Nataka ziwe laini kabla ya kufunga. Fundi wa kwanza anasema apige shanga za kioo vitu vyote, yaani chembe ndogo za kioo zinazorushwa kwa upepo wa kompresa, kwa laki mbili na nusu. Wa pili anataka laki na nusu, anasaga kwa grenda na msasa, ila wiki mbili. Wa tatu ananicheka, anasema osha na dizeli, paka rangi ya fedha, washa gari. Jumatatu natakiwa kutoa jibu. Mnashauri nini?

Mzee_wa_Kabureta
Injini ya Datsun ipi? Bloku ni chuma au alumini? Umeingia kwa daktari unasema "naumwa", halafu umekaa kimya.

SpanaKumi
Na silinda zimeshachongwa au bado? Hilo ndilo swali.

Kibao_Moshi
Samahani wakuu. Datsun 1600SSS ya 1971, injini L16. Bloku, yaani mwili wenye silinda, ni chuma; silinda hedi inayokaa juu yake na kava ya mbele ni alumini. Ilikuwa ya mjomba. Silinda zimeshachongwa, pistoni mpya ziko kwenye boksi. Gari ni ya kutembelea, ila nikifungua boneti nataka watu wanyamaze kidogo.

SpanaKumi
Basi umeanza na mkia. Kusaga kunatangulia, kuchonga kunafuata, kwa sababu vumbi la grenda likikwama kwenye ukuta wa silinda mpya ni msasa tosha wa kula ringi za pistoni. Sasa ziba silinda zote na matundu ya oili, kisha bloku isagwe kwa mkono. Diski ya msasa namba 80 kuondoa mistari, 120 kulainisha, kwenye kona tumia kichwa cha kabaidi. Kaa mbali na nyuso za gasketi, kidole kizima kabisa. Grenda ikiteleza hapo mara moja tu, utavuja oili maisha yako yote.

Tanga_Pwani
Mimi nasema alumini ing'arishwe mpaka ujione meno. Kava ya tapeti ya L16, kile kifuniko cha juu ya hedi, ina mbavu nzuri mno. Msasa wa maji 320, 400, 800, halafu gurudumu la kitambaa na sabuni yake. Laki mbili na nusu za nini?

Mzee_wa_Kabureta
Wewe wa Tanga ndiye wa kusema hivyo? Upepo wa chumvi ukipita wiki mbili alumini hiyo inakuwa rangi ya sufuria ya mama ntilie.

Tanga_Pwani
Jumamosi nafuta, Mzee wangu. Mke wangu ameshazoea.

Nahodha504
Kibao, kabla hujampa mtu wa shanga hata shilingi, nisikilize. Nilikuwa na Peugeot 504 ya marehemu baba. Nikapeleka silinda hedi ipigwe shanga za kioo. Ilirudi nyeupe, laini, nikaipiga picha nikatuma kwa ndugu wote. Fundi akaipuliza na kompresa mara mbili, akasema safi. Tukafunga, ikawaka kwa nusu ufunguo, nikaondoka Dar kwenda Morogoro na wanangu wawili. Chalinze taa ya oili ikaanza kukonyeza. Nikasema waya. Mbele kidogo nikasikia mlio chini, ko ko ko, kama mtu anabisha hodi na pete. Tukarudi kwa kuvutwa na fuso la vitunguu.

Tulipofungua, metali za kranki, zile beringi inazozungukia, zilikuwa na mikwaruzo ya mduara, ukipitisha ukucha unakwama. Nikachukua msumeno wa chuma nikakata filta ya oili, nikaitandaza karatasi yake juani. Ilimeta yote kama imenyunyiziwa sukari. Shanga zilijificha kwenye njia za oili za hedi, pamoja na mafuta yaliyoganda. Injini ilipopata moto mafuta yakalainika, zikashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, pampu ikazinywa. Kranki ikachongwa upya, pampu mpya, metali mpya. Fundi akaniambia "bahati mbaya".

SpanaKumi
Siyo bahati mbaya. Vizibo vya njia za oili havikutolewa. Kompresa haitoi kitu kilichonata. Kwanza unaosha grisi YOTE, ndipo unapiga, kisha unapitisha brashi ndefu na maji ya moto ya sabuni kila tundu, mpaka tundu la boliti. Na kava ya mbele ya L16 ndiyo inayobeba pampu ya oili, ina njia zake humo ndani. Msiisahau.

Bint_Muscat
Huku Muscat wanapiga shanga pamoja na maji, haina vumbi na alumini inatoka na mng'ao wa hariri. Lakini kuosha ni kulekule, maji hayaondoi hatari. Ukipata mtu wa kupiga kwa baikabonati, ile soda ya kuokea, ni salama zaidi kwa injini, inayeyuka kwenye maji ya moto. Ila hailainishi kitu, inasafisha tu. Na yeyote atakayekwambia anapiga kwa mchanga wa mtoni, kimbia. Vumbi lile linaua mapafu ya fundi kabla halijaua injini yako.

Gerezani_Boy
Mnamtisha bure. Dumbukiza hedi kwenye pipa la kostiki soda usiku mmoja, asubuhi inatoka imetakata.

Mzee_wa_Kabureta
KIBAO USITHUBUTU. Kostiki ni ya chuma. Alumini inaliwa hai, inachemka mapovu na kutoka nyeusi. Gerezani, futa hiyo.

Gerezani_Boy
Nilikuwa nasema bloku.

Mzee_wa_Kabureta
Umeandika hedi.

Nahodha504
Jingine: namba ya injini. Kwenye L16 imegongwa kwenye kijukwaa juu ya bloku, karibu na hedi. Fundi wa grenda haioni namba, anaona kipele. Ikisagwa hiyo, kadi ya gari inasema namba na bloku haina. Bandika tepu hapo kabla hujamkabidhi.

Kibao_Moshi
Nimekwenda kuangalia sasa hivi na tochi. Ipo. Nimebandika tepu tatu. Je, kuna vishimo vya kasti kwenye bloku, naweza kuviziba na pati ya bodi kisha nikapiga rangi?

SpanaKumi
Pati ya bodi itapasuka kwa joto na oili. Tumia epoksi ya chuma, au viache. Gari la mwaka 1971 lisilo na shimo hata moja linatia shaka.

Tanga_Pwani
Rangi gani lakini? Hiyo gari ina heshima, ndiyo aliyoshindia Joginder Singh mbio za magari za Safari Rally 1970.

Bint_Muscat
Hapana kaka. 1970 walishinda Edgar Herrmann na Hans Schüller, ndiyo 1600SSS. Joginder alishinda 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Tanga_Pwani
Baba alinihadithia tofauti miaka arobaini.

Mzee_wa_Kabureta
Baba yako alikuwa Tanga, mbio zilipita wapi?

Kibao_Moshi
Wakuu, leo nimejaribu kava ya tapeti mwenyewe na msasa 220. Saa tatu, upande mmoja tu, vidole havikunji. Herufi za DATSUN zimeanza kuonekana vizuri. Bloku sijaamua. Yule wa shanga amepiga simu mara mbili.

Nahodha504
Muulize kama anatoa vizibo. Akisema "vizibo gani", umepata jibu.

Gerezani_Boy
Kibao, SSS ina kabureta mbili. Kama mjomba aliacha ya akiba nipe bei.