Tupeane uzoefu: herufi moja au mbili kwenye Kiingereza, wewe ilikupata wapi?

Fundi mashua, Matondoni:
Salaam wadau, naanza mie. Mwaka jana tulipandisha mashua ya Mzungu mmoja tukaikwangua chini tukaitia kalafati upya, nikamtumia meseji kwao Uingereza, we have scrapped your boat. Wallahi alipiga simu sauti inatetemeka, manake scraped ya p moja ndo kukwangua, ya p mbili ushaivunja ukauza mbao. Mpaka nikamtumia picha mashua iko nzima juu ya mchanga ndo akatulia, lkn iliniuma roho kumtia mtu huzuni bure. Toka siku hiyo nikakaa chini nikajifunza. Scrape ina e mwisho, ukitia -ing ile e inatoka, p inabaki moja na a inasomwa "ei". Scrap haina e, irabu yake fupi, sasa p inaongezwa kuilinda isirefuke. Vilevile hoping ya hope na hopping ya hop. Nyie je?

Mtembeza wageni, Malindi:
Mie nilianza na Kiitaliano, si mwajua huku kwetu, na hicho ndo kilinichanganya. Kwa Waitaliano herufi mbili unazisikia mdomoni, casa ni nyumba, cassa ni pale unapolipa, ile s unaikalia. Sa nikawa nasikiliza Kiingereza hivohivo nangoja zile m mbili za swimming, wapi, husikii kitu. Kumbe ya kusikiliza ni irabu iliyotangulia. Gesti niliyofanya kazi ubao wa mlangoni ulikua DINNING ROOM miaka na miaka, na ni dining, n moja, imetoka kwa dine. Dinner ndo ina mbili.

Mama Langoni:
Mwanangu wa gredi ya 6 kaandika visitted kakatwa maksi, kaandika begining kakatwa tena. Kanambia mama, sasa niongeze au nisiongeze? Nilikosa jibu.

Mwalimu mstaafu, Shela:
Dadangu hapo shida ni mkazo. Mkazo wetu sisi Waswahili hauhami, silabi ya pili kutoka mwisho basi, na visit tukilichukua tunalitia irabu likawa viziti, sauti inapanda kwenye zi, sikio linakwambia tia t mbili. Mwingereza mwenyewe kaipandisha mwanzo, VIsit, ndo ikawa visited, na opened na offered ni hivohivo. Begin kaipandisha mwisho, kwa hiyo beginning, na prefer ikawa preferred. Mwambie apige kofi pale sauti inapopanda. Kofi likiangukia mwisho, na neno linaisha na konsonanti moja baada ya irabu moja, aongeze. Sailing haiongezi kwa sababu irabu ni mbili, landed konsonanti mbili. W, x na y hazina habari hiyo, fixing, playing. Travelling ndo imekataa sheria ya kofi, sisi Kenya twafuata Uingereza l mbili, Marekani moja, kwa hiyo simu ikikupigia mstari mwekundu usifute.

Mama Langoni:
Mwalimu shukran sana. Baada ya magharibi tumekaa barazani twapiga makofi mpaka dadake mdogo kaingia. Forget kapiga mwisho kaandika forgetting mwenyewe, happened kaiacha n moja, nimefurahi mpaka basi. Sasa kashika kitabu anauliza picnicking ile k imetoka wapi na picnic haina. Mwalimu bado uko?

Mwalimu mstaafu, Shela:
Nipo. Bila ile k, c ikikutana na i ingesomwa "s". Mwambie panicking pia.