MREJESHO: Ile bastola ya marehemu baba

Shikamooni wakubwa. Niliomba ushauri kama nitengeneze bastola aliyoniachia baba, Webley Mk IV ya risasi sita, na mfukoni nina laki mbili na nusu tu.

Nimefuata waliosema nianze polisi. Hapa Moshi nilipokelewa vizuri. Nilipeleka silaha, leseni ya mzee na barua ya mirathi. Nikaelezwa kuwa leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Nikiitaka bastola niombe leseni yangu chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015. Mpaka hapo inabaki kwao.

Fundi mwenye kibali aliikagua palepale. Ubovu si kutu kama nilivyodhani. Kile kidole cha ndani kinachosukuma silinda, ile sehemu inayozunguka yenye matundu ya risasi, kimelika, kwa hiyo tundu la risasi halikai sawa na mtutu nyundo inapoanguka. Ukifyatua hivyo, risasi inagonga ukingo na vipande vya madini vinaruka pembeni, usoni au mkononi kwako. Na mimi nilitaka kuijaribu shambani! Nilitetemeka kweli.

Kipuri kinatakiwa kuchongwa kwa mkono, na gharama inazidi nilichonacho mara tatu, kabla ya ada ya leseni.

Nimeikabidhi polisi jumla, nikapewa hati. Mama alilia kidogo, maana mzee alilinda nayo kahawa yetu Kibosho miaka mingi. Mkoba wa ngozi wa bastola tumebaki nao, umetundikwa sebuleni. Pesa imenunua mbolea.