Mrejesho: Stockholm bila kuumiza mfuko

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuzunguka Stockholm kwa gharama nafuu, na kama nibadilishe fedha kabla ya safari. Nimerudi salama, ahsanteni sana.

Fedha taslimu sahauni. Kahawa, mkate, hadi choo cha kulipia ni kadi tu, na maduka mengi yamebandika tangazo mlangoni kwamba hayapokei noti. Hakikisheni mapema benki imewafungulia kadi kwa malipo ya nje ya nchi.

Aliyenishauri basi namba 583, Mungu ambariki. Linakutoa uwanja wa ndege wa Arlanda hadi Märsta, pale unapanda treni ya kawaida mpaka katikati ya jiji, yote kwa tiketi ya SL, usafiri wa umma wa huko. Treni ya moja kwa moja inatumia kama dakika 20, ila bei yake ni ya wenye haraka. Tiketi ya SL inadumu dakika 75. Unagusisha kadi ya benki getini, unapita. Hata kivuko cha Slussen kwenda Djurgården kimo humohumo.

Huko Djurgården msikose makumbusho ya Vasa, meli ya kivita ya zamani. Ilizama 1628 katika safari yake ya kwanza, ikaibuliwa 1961. Kwa sisi tuliokulia karibu na majahazi, kusimama nyuma kwenye tezi na kutazama michongo ile juu kabisa, mbao zimekuwa nyeusi, ni jambo kubwa. Nilikaa mpaka wanafunga.

Maji ya bomba yanakunywika, bebeni chupa zenu.