RAM (memori ya kufanyia kazi ya kompyuta) 8GB kwa gemu na kazi za kila siku inatosha au nipande 16? Mafundi wananichanganya

Kijana wa Tabata

Wakuu habari za majukumu. Nina laptopu HP EliteBook 840 G5, prosesa ya i5 kizazi cha nane, nimeichukua mtumba pale Kariakoo, RAM 8GB na SSD (diski ya kuhifadhia vitu) ya 256. Kazi zangu ni za chuo, Word, Excel, PDF kibao, WhatsApp ya kwenye kompyuta inashinda wazi mchana kutwa, Chrome ndo usiseme, afu usiku nikishachoka nagusa GTA V na mpira kidogo.

Shida ni kwamba nikifungua vitu vingi inakuwa nzito, ukitoka Excel kwenda Chrome inawaza kwanza ndo ifunguke, na GTA inakatakata hasa ukiwa unakimbiza gari mjini. Fundi mmoja kaniambia weka 32GB usahau, mwingine anasema 8 inatosha mwenye makosa ni Windows 11, nirudi kwenye 10. Hela ya kuchezea sina. Nipande 16 au nirukie 32 moja kwa moja? Na gemu zitabadilika kweli au ndo naliwa?

Mzee wa Sloti

Mkuu usimpe mtu hela kwanza. Fungua vitu vyako vyote kama unavyofunguaga siku za kawaida, afu bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, bonyeza Memory. Niletee namba ya In use, ya Committed, na pale chini kulia pameandikwa Slots used, yaani sehemu za kuchomekea RAM zilizotumika, niambie panasemaje. Hapo ndo tutaongea, la sivyo kila mtu atakutajia namba ya kichwani kwake.

Domo Zito

32 ya nini kwa Word na PDF, unataka kufungua benki? 😂😂 Mi nina 4GB na karata nacheza freshi tu

Kijana wa Tabata

@Domo Zito we jamaa bana 😂

@Mzee wa Sloti mkuu nimeangalia. In use 6.9GB kati ya 7.8, Committed 11.2 kati ya 13.6, Slots used 1 of 2, Speed 2400. Hapo nimefungua Chrome, Excel moja, WhatsApp na PDF mbili, gemu bado sijawasha.

Mzee wa Sloti

Safi, sasa jibu umelileta mwenyewe.

Hiyo Committed ndo ya kuangalia. Programu zako zimeomba 11.2 na we una 7.8, kwa iyo sehemu ya kinachozidi Windows anaenda kuilaza kwenye SSD, na SSD hata iwe nzuri vipi haiwezi spidi ya RAM. Ndo maana ukitoka Excel kwenda Chrome inawaza, inakuwa inarudisha vitu kutoka kwenye diski. Ingekuwa hadidiski ya kuzunguka ungeenda kuchota maji ukarudi. Hapo gemu bado, na GTA V ile ya zamani ya 2015 yenyewe wanashauri 8GB, sasa utaitoa wapi na 6.9 zimeshaliwa?

Kingine, laptopu yako haina kadi ya grafiki ya peke yake, ina Intel UHD 620 ya ndani ya prosesa. Hii haina memori yake, inakopa kwenye RAM hiyohiyo ya kwako. Gemu ikiwaka picha zote za mji na magari zinakaa kwenye 8 ileile unayogombania na Chrome.

Na hapa kwenye sloti ndo mafundi wengi hawakwambii. We una kijiti kimoja cha RAM cha 8 na sloti ya pili iko tupu, maana yake prosesa inaongea na RAM kwa njia moja. Ukiweka kijiti cha pili zinafunguka njia mbili kwa pamoja. Kwa mtu wa Word hataona tofauti, ila kwa grafiki za ndani kama UHD 620 ni jambo kubwa sana kwa sababu zenyewe zinaishi kwa spidi ya RAM. Kwa iyo usimuuzie fundi cha kwako akakuwekea kimoja cha 16, utakuwa na 16 kweli ila bado njia moja. Bakiza hicho, ongeza kingine cha 8, aina ya DDR4 ya laptopu, spidi ya 2400 au 2666 zote sawa, ya juu itashuka ilingane na ya chini. 8+8, basi.

32 kwa kazi ulizotaja zitakaa tu bure. RAM ikishatosha, kuongeza nyingine hakuongezi fremu (picha za gemu kwa sekunde) hata moja.

Mtaalamu wa Bure

Napingana kidogo. 8 inatosha kabisa, tatizo vijana wa siku hizi wanafungua kurasa 40 za Chrome na hawasomi hata tatu. Mkuu ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift+Esc uone kila ukurasa na kila kiongezo (extension) kinakula kiasi gani, utashangaa kuna kiongezo ulikiweka mwaka juzi kinakula kuliko YouTube. Vifute, washa Memory Saver kwenye setingi za Chrome, zima programu zinazojiwasha zenyewe ukiwasha mashine. Mi nina 8 na naishi.

Mzee wa Sloti

@Mtaalamu wa Bure usafi ni lazima sikatai, na aanze nao huo maana ni bure. Ila sloti ya pili itabaki tupu hata afute Chrome nzima, na yeye kaulizia gemu pia.

Kijana wa Tabata

Nimefuta viongezo vitano, imeshuka mpaka 6.1. Na kuhusu kurudi Windows 10 mnasemaje? Na mpira je, nataka EA FC 25 hiyo 16 itaubeba?

Mzee wa Sloti

Windows 10 Microsoft waliiacha tarehe 14 Oktoba 2025, apdeti za usalama za kawaida zimeisha. Ni nyepesi kidogo ndio, ila mashine yako ni kizazi cha nane na Windows 11 inakubali rasmi kuanzia hicho, usirudi nyuma kwa ajili ya tofauti ndogo.

Mpira nikwambie ukweli usije ukanitukana. FC 25 kwenye RAM wanataka 8 kima cha chini na 12 ndo wanashauri, kwa iyo 16 inapita bila shida. Lakini kadi ya grafiki wanaanzia GTX 1050 Ti na we una UHD 620. Hapo hata uweke 64 haisaidii. Ukitaka mpira kwenye hiyo mashine tafuta FIFA za miaka ya nyuma, zile zinakubali. GTA V ishushe ukali wa picha mpaka 720p, setingi zote chini, utacheza vizuri kuliko sasa, ila usitegemee miujiza.

Kaka Gemu

Naongezea kwa wenye kompyuta za mezani zenye kadi ya maana. Gemu za sasa 8 imeshapitwa, Hogwarts Legacy kima cha chini chenyewe ni 16, Cyberpunk 2077 waliipandisha mpaka 12 chini na 16 ya kushauriwa. Ila Valorant mpaka 4GB inakubali, kwa iyo mtu akiuliza RAM ya gemu muulize kwanza gemu gani. Kama unajenga leo anza na 16 vijiti viwili, na kama bodi ni ya DDR5 na hela ipo weka 32 uwe unacheza huku Discord na Chrome ziko wazi nyuma.

Na kwenye bei msishangae, tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda balaa, viwanda vimehamia kutengeneza memori za seva za AI. Micron, watengenezaji wa RAM, Desemba 2025 walitangaza wanaachana na kuuza chapa yao ya Crucial kwa wateja wa kawaida. Kwa iyo anayesema subiri ishuke, atasubiri.

Dada wa Kisauni

Hamjambo humu. Mie nahariri video za harusi hapa Mombasa na kwangu 16 ilinitia adabu. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri, wenyewe wasema 16, na ukitumia Fusion, sehemu yake ya madoido, wataka 32, na ni kweli, ukiweka maandishi ya kutembeatembea juu ya video ya 4K mashine yalia. Kwa hivyo kaka yangu, kama wafikiria baadaye kuhariri video sloti zako mbili za G5 zachukua mpaka 32, ila kwa masomo na mchezo wa jioni wamekwambia kweli, 16 yakutosha. Na ukienda dukani kwanza washa mashine mbele ya muuzaji uangalie Task Manager, pana mtu aliniuzia "16" nikafika nyumbani nikakuta 8.

Kijana wa Tabata

Dada asante, hiyo nimeishika. Kufungua naweza mwenyewe au nimpe fundi?

Mzee wa Sloti

Unaweza. Zima kabisa sio kulaza, chomoa chaja, legeza skrubu za chini, mfuniko ukitoka chomoa waya wa betri kwanza ndo uguse kingine. Kijiti kinaingia kwa kuinama, pengo lake lilingane na jino la sloti, kikishazama unakilaza chini mpaka vishikio vya pembeni vilie "ta". Ukiwasha mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi kidogo, tulia, inaikagua RAM mpya. Ikiwaka angalia Slots used iseme 2 of 2.

Mpita Njia

Samahani nadandia hapohapo, mi nina 840 G2, hicho kijiti cha DDR4 kinaingia?

Mzee wa Sloti

Hakiingii mkuu. G1 na G2 ni DDR3L, DDR4 inaanzia G3, pengo liko sehemu tofauti. Kikigoma usikisukume, utavunja sloti.