MREJESHO: Upasuaji wa ngoma ya sikio iliyotoboka

Ndugu zangu, niliwahi kuuliza kama nizibe tundu kwenye ngoma ya sikio la kushoto au niendelee tu na dawa za matone, maana tangu utotoni kila nikipata mafua usaha ulikuwa unatoka. Wengi mlinisihi nimwone daktari wa masikio. Nilikwenda, na leo ni wiki ya 8 tangu nipasuliwe.

Kwanza alikataa kunipasua mpaka sikio likauke kabisa. Nikapimwa usikivu. Siku yenyewe nilipigwa nusu kaputi, wakachana nyuma ya sikio, wakachukua kipande cha utando unaofunika msuli wa juu ya sikio, wakakipachika kwenye tundu kama kiraka. Kumbe kiraka kinatoka mwilini mwako mwenyewe!

Wiki 2 za mwanzo ndizo zilizonitisha. Sikio limejazwa sponji inayoyeyuka yenyewe, sauti zinakuja kama niko ndani ya mtungi, nikadhani nimezidi kuharibika. Kupenga kamasi marufuku, chafya unapiga mdomo wazi, ukioga unaziba kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando.

Juzi daktari kachungulia: kiraka kimeshika. Kipimo cha usikivu tutarudia baadaye, na kuogelea bado nimekatazwa. Ila jana usiku nililalia ubavu wa kulia, sikio lililo zima likiwa kwenye mto, nikasikia mvua juu ya bati kwa hilo la kushoto. Nililia.

Asanteni sana. Mwenye swali aulize, nitamjibu.